Gari la kifahari na mwizi wake: maswali yenu, majibu yangu

Gari la mamilioni lina alamu na kompyuta. Mbona ndilo linaloandamwa na wezi? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu ufunguo wake wenyewe ndio unaomfungulia mwizi. Magari haya hayangoji uchomeke ufunguo. Likihisi uko karibu, mlango unafunguka, nawe unabonyeza kitufe tu.

Sasa tazama mtaa wa London usiku. Wezi ni wawili. Mmoja yuko mlangoni pa nyumba, ameshika antena iliyo kama kitanzi, anaipitisha polepole ukutani. Ufunguo uko mezani sebuleni. Mwenzake amesimama kando ya gari na kisanduku mkononi. Gari linauliza, "Ufunguo upo?" Vifaa vyao vinapeleka swali hadi sebuleni, ufunguo unaitika, na jibu linarudi garini. Kioo hakijavunjwa, alamu haijalia, mwenyewe bado anakoroma. Na gari likishawaka halizimiki njiani hata ufunguo ukiachwa nyuma; limeundwa hivyo ili lisije likakuzimikia barabarani.

Wengine hulegeza bampa na kuingilia waya za taa ya mbele, maana hizo zinawasiliana na kompyuta ya gari. Mwaka 2022 mtaalamu mmoja wa usalama wa magari huko London alikuta taa ya gari lake imechokolewa, akadhani ni utundu wa vijana. Baadaye gari lenyewe likatoweka. Uchunguzi wake ulifichua kifaa kinachouzwa kwa wezi kikiwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth.

Je, mwizi anatafuta mbio? (Msomaji, Arusha)

Marekani, ndiyo, mara nyingine. Taasisi ya takwimu za bima, HLDI, ilitangaza mwaka 2023 kwamba Dodge Charger SRT Hellcat iliibwa mara 60 zaidi ya wastani wa magari yaliyoundwa 2020 hadi 2022. Injini yake inazidi nguvu farasi 700. Watengenezaji wake, Dodge, walileta programu ambayo, usipoingiza namba ya siri, huibakishia injini nguvu farasi zisizofika 3.

Na Ferrari?

Ferrari ni chache, na kila moja inajulikana. Ile ya dereva wa mbio za magari Gerhard Berger, iliyoibwa Imola, Italia, mwaka 1995, ilipatikana Uingereza mwaka 2024 baada ya kupitia Japani.

Magari ya wizi ya Uingereza yanatufikiaje huku? (Msomaji, Likoni)

Usukani, ndugu yangu. Uingereza usukani uko kulia, na kwetu vilevile, kwa hiyo mnunuzi yupo tayari kabla gari halijaibwa. Lexus moja iliyoibwa Uingereza, yenye kifaa cha kufuatilia, ilisafiri Ufaransa, Oman, Mombasa, hadi Kampala, na mwaka 2015 ikapatikana pamoja na magari mengine zaidi ya ishirini. Mei 2019, bandarini Mombasa, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ilikamata magari matatu ya kifahari yaliyoibwa Uingereza. Makontena yalikuwa yanaelekea Uganda, na makaratasi yalisema ni vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Inaniuma, maana nyuma ya kila kontena kama hilo kuna mtu wetu aliyejinyima miaka kadhaa ili alinunue gari hilo.

Nimeona Range Rover yadini, bei ya kutupa. Ninunue? (Msomaji, Kampala)

Nakusihi, usitoe hata arbuni. Nambari ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Isome chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango, na kwenye chesisi yenyewe. Kisha makenika wako, si wa yadi, achomeke mashine aisome ndani ya kompyuta ya gari. Ikitofautiana popote, au muuzaji akikuharakisha, ondoka. Polisi wakilitambua watalichukua, nawe utabaki na risiti mkononi.

Na ukipata gari safi, ufunguo usiulaze karibu na mlango. Utie ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, usimame nalo kando ya gari, ujaribu kufungua. Mlango ukifunguka, tafuta kopo jingine.