Nimeomba mtoto miaka sita: je, imani yangu ni haba?

SWALI: Bwana asifiwe, mchungaji. Mimi na mume wangu tunaishi Mtopanga, Mombasa. Tumeoana mwaka wa sita sasa na hatujajaliwa mtoto. Katika kesha la Ijumaa niliambiwa imani yangu ni haba, nifunge mfungo mkavu, bila chakula wala maji, wa siku 21 na nitume sadaka ya "mbegu" ya shilingi 10,000 kwa simu. Je, nifanye hivyo? Kwenda hospitali kupimwa ni kukosa imani? Na ni dhambi nikikwepa ibada ya kuweka watoto wakfu? Huwa sijizuii kulia.

JIBU: Bwana asifiwe, dada yangu. Nianze na hiyo mbegu kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Usiitume. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Nabii Elisha naye alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, na mtumishi wake Gehazi aliyemfuata Naamani mbio akachukua talanta mbili za fedha aliondoka na ukoma (2 Wafalme 5). Sadaka ni shukrani, toa kama kawaida yako. Ila mbegu ya namna hii ina hila yake: mimba isipoingia, aliyeipokea hadaiwi kitu, na wewe ndiye utakayeambiwa hukuamini vya kutosha.

Hizo siku 21 zimetolewa Danieli 10, lakini soma aya ya 3. Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Hakuna palipoandikwa kwamba hakunywa maji. Mfungo mkavu wa Esta ulikuwa wa siku tatu tu. Mwili hauwezi kukaa wiki tatu bila maji, na kwa joto hili letu la Pwani utalazwa kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Ukitaka kufunga, acha mlo mmoja au miwili kwa siku moja ya juma, kunywa maji, na muda wa chakula uutumie kuomba. Tena Danieli huyohuyo, katika sura ya 9, alijibiwa angali akisema. Mtu yule yule, Mungu yule yule, mara moja papo hapo na mara nyingine baada ya wiki tatu. Anayegeuza 21 kuwa kanuni ya kumlazimisha Mungu ameruka sura moja.

Imani haba? Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na 100 Isaka alipozaliwa. Isaka alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, na mapacha walizaliwa yeye akiwa na 60. Hiyo ni miaka 20 ya kungoja, na Mwanzo 25:21 inasema aliyeomba ni Isaka, akimwombea mkewe. Katika barua yako sioni mume wako akiomba. Mwambie. Dakika kumi pamoja kabla ya kulala, kila mmoja kwa maneno yake, zinatosha. Na asije akajibu kama Elkana, mume wa Hana, eti yeye ni bora kuliko watoto kumi. Hana hakufarijika kwa hilo, na simlaumu.

Katika kungoja, machozi hayaharibu kitu. Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, na Zaburi 88 inaishia gizani bila hata neno la sifa, na zote ni Maandiko. Kinachoharibu ni kuchukua jambo mkononi kwa hofu. Baada ya miaka kumi Kanaani, Sarai alimpa mumewe mjakazi wake Hajiri, na nyumba ile ikaingia ugomvi. Mfalme Sauli alimngoja Samweli siku saba, akatoa sadaka mwenyewe, na Samweli akafika alipokuwa ndiyo kwanza anamaliza. Wakikushauri mume atafute mtoto nje, au uende kwa mganga usiku, kumbuka hizo habari mbili.

Hospitali si kutafuta njia ya mkato. Mfalme Hezekia alikuwa ameshaahidiwa miaka 15 zaidi ya kuishi, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38). Madaktari husema wenzi wapimwe baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, au miezi sita kama mke amepita miaka 35, nyinyi mmechelewa. Nendeni wote wawili. Mara nyingi tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mke, na kipimo chake cha mbegu za kiume ni chepesi: asikutane nawe kwa siku mbili hadi saba kabla ya kutoa sampuli. Wewe andika tarehe za hedhi za miezi mitatu uende nazo, kisha uliza kuhusu vipimo vya homoni na picha ya mirija ya uzazi. Maambukizi yasiyotibiwa huweza kuziba mirija bila maumivu yoyote. Kabla ya kwenda, waite wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema. Hawalipwi.

Siwezi kukuahidi mtoto, na anayekuahidi kwa tarehe mwogope. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utolewe akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Huyo hakuwa na imani haba. Hapa kwetu, mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo alizika mkewe na mtoto wao mchanga. Ubatizo wa kwanza Rabai, wa Mringe aliyekuwa mgonjwa mahututi, ulifanyika 1851. Katika miaka hiyo Krapf alikuwa akijifunza lugha na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Aliomba huku kazi ikiendelea.

Ibada ya watoto si amri. Hana mwenyewe alilia karamuni na hakula, wala Mungu hakumkemea kwa hilo. Aliyemkemea ni kuhani Eli, akidhani amelewa, naye alikosea. Kama kanisani kwenu watoto huwekwa wakfu ibada ya pili, Jumapili hiyo nenda ya kwanza. Mdokezee mama mchungaji mapema, ili asikutume kubeba mtoto wa mtu mbele ya watu.