Mimi nampa heshima Dolly Parton, na si kwa sababu ya wimbo wake Jolene

Mliuliza wiki hii ni mwanamuziki gani unamheshimu kwa kitu kisicho muziki. Mimi wala sihangaiki, ni Dolly Parton, yule mwimbaji wa country, kwa vitabu anavyowatumia watoto.

Jamani, kwetu Nakuru Dolly tulimjua kwa redio tu, Jumapili mchana baada ya kanisa, yeye na Kenny Rogers na Don Williams, mzee wangu kaegemea kiti hataki mtu apige kelele. Sasa nikaja kuishi huku Tennessee, Marekani, nikajifungua, hospitali wakanipa fomu fulani nikajaza nikasahau. Baada ya wiki kadhaa kikaja kitabu kwa posta na jina lililoandikwa juu si langu, ni la mtoto, na mtoto mwenyewe hata kukaa hajui! Nikasema hawa ni makonmani, bili iko njiani, maana huku cha bure hakuna. Bili haikuja. Hata mshahara wangu hawakuuliza, tajiri na maskini wanaletewa sawasawa, kila mwezi kimoja mpaka mtoto afike miaka 5, piga hesabu hapo ni kama vitabu 60.

Ndio nikaanza kufuatilia. Kumbe ni mradi wa Dolly wa vitabu vya bure kwa watoto, unaitwa Imagination Library, alianza 1995 na watoto wa kaunti yao tu, Sevier, hapa hapa Tennessee, huko milimani alikozaliwa mtoto wa 4 kati ya 12, na daktari aliyemzalisha mamake akalipwa gunia la unga wa mahindi (hapo nilicheka sana, huyu si ni wa kwetu kabisa). Babake alikuwa na akili nyingi lakini kusoma na kuandika hakujua, na Dolly anasema huu mradi ni kwa ajili yake. Mzee alifariki 2000 ila aliwahi kusikia watoto wakimuita binti yake mama wa vitabu, na hilo lilimfurahisha. Leo viko mpaka Kanada, Uingereza, Ireland na Australia, na vimeshapita milioni 200.

Najua kuna mtu atasema si pesa yake yote. Ni kweli, kila eneo lina wadau wanaolipia vitabu na posta, hapa jimbo linachangia, watu wa Dolly wanaendesha. Mimi ndio napenda hivyo, kwa sababu siku akizeeka hoi vitabu havitakwama.

Vya kwetu nasoma kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo, na nikiruka ukurasa kwa usingizi kijana ananirudisha. Mwezi jana alitimiza 5 vyake vikakatika, vya dadake bado vinakuja. Juzi nimemkuta mlangoni anachana bahasha ya dadake, nikamwambia we hicho si chako, akanijibu, "Lakini mama, si yeye hajui kusoma?" Na yeye mwenyewe kakishika juu chini.