Mume wangu alininunulia meza ya kioo, mimi naifunika

*Shikamoo Shangazi. Miezi minne iliyopita mume wangu aliingia nyumbani na meza ya kulia ya kioo. Hakuniuliza, ilikuwa zawadi, na siku ile nilifurahi kweli. Sasa imenichosha. Nafuta asubuhi, nafuta mchana, nafuta usiku, na alama za vidole haziishi. Tuna mtoto wa miaka mitatu anayeigonga kwa kijiko kama ngoma. Baba mkwe tunaishi naye, macho yake yamepungua nguvu, na mara mbili ameachia kikombe akidhani amekitua mezani, kumbe bado hajaufikia ukingo. Nikatandika kitambaa kizito. Mume wangu akirudi jioni anakikunja na kukirudisha kabatini: "Nilinunua kioo ili kifunikwe?" Asubuhi natandika tena. Hatugombani kwa maneno, Shangazi, tunagombana kwa kitambaa. Natamani kuiuza, lakini nitamwambiaje, na ni zawadi?*

*Mama Kitambaa*

Marahaba mwanangu.

Nilicheka nilipofika kwenye kitambaa, kisha nikanyamaza nilipokifikiria kikombe cha mzee. Basi tuanze na mzee na mtoto. Mumeo atasubiri kidogo.

Hujaniambia kioo chenu ni cha aina gani, na nadhani hujui. Wengi hawajui. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, kama visu. Kile kinachofaa meza kimepashwa moto kiwandani kupita nyuzi 600 za selsiasi, halafu kikapulizwa hewa ya baridi kwa ghafla. Uso wake hubaki umejibana na ndani kumevutika, na kwa sababu hiyo huwa na nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida cha unene uleule. Siku kikishindwa, husambaratika chote kwa pamoja kuwa vipande vidogo kama kokoto. Vinaweza kukukata, ila si kwa ukatili ule.

Inama ukague pembe zote nne. Mara nyingi viwanda hupiga muhuri mdogo usiofutika, unaotaja aina ya kioo. Usipouona usikate tamaa, kwani si wote wanaoupiga. Vaa miwani ya jua, ile inayokata mng'ao wa maji, kisha kitazame kioo kwa upande wakati mwanga wa dirisha unakiangukia. Ukiona madoa au mistari ya kivuli iliyojipanga, hicho kimepikwa. Ukikosa dalili zote mbili, muulize aliyeuza, au mwite fundi wa vioo akitazame. Kikiwa cha kawaida, usiache mtoto akigonge hata siku moja zaidi: fundi akubandikie chini yake utando wa plastiki unaoshika vipande, au abadilishe kioo na kuiacha miguu ileile.

Na kijiko cha mtoto? Kama kioo kimepikwa, kijiko katikati ya meza ni kelele tu. Udhaifu wake uko ukingoni. Kiti cha chuma kinachosukumwa na kuubisha ukingo kila siku kinanitisha kuliko huyo mpiga ngoma wako. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu kuuzunguka ukingo wote. Pakiwa laini pamba itateleza. Ikinasa na kuacha nyuzi, hapo pana kibanzi, na kibanzi ndicho kinachofanya meza ije kupasuka siku ambayo hakuna aliyeigusa, watu wakaanza kutafuta mchawi. (Wakati mwingine ni chembe ya madini iliyonaswa ndani tangu kiwandani, lakini hilo ni nadra.) Pamba ikinasa, usiitumie meza mpaka fundi aione. Na asikudanganye mtu kwamba atazikata pembe ziwe mviringo. Kioo kilichopikwa hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukikijaribu kinamwagika chote sakafuni. Pembe kali zivalishe vikinga vya silikoni.

Ukiwa umeinama hapo, tazama pia vile vipira kati ya miguu na kioo. Vikihama, kioo kinakaa juu ya chuma kitupu. Na msijaribu kukiinua kirahisirahisi: kioo cha unene wa milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo meza ya sentimita 180 kwa 90 inakaribia kilo 49 bila miguu yake. Kikibebwa, kibebwe kikiwa kimesimama wima, na watu wawili.

Sasa mzee. Macho yaliyochoka huona meza kwa kuona mahali inapoishia, na kioo hakina mwisho unaoonekana. Kitambaa chako, bila wewe kujua, kilikuwa kinamchorea baba mkwe mpaka wa meza. Hapo ulikuwa sahihi kuliko mumeo. Lakini mtoto wa miaka mitatu akitaka kitu kilicho mezani hapandi, huvuta. Kitambaa kinachoning'inia kitamshushia kikombe cha moto kichwani. Hapo mumeo alikuwa sahihi, ingawa hata yeye hakuwa na habari.

Toeni kitambaa. Mbele ya kiti cha mzee weka mkeka wa mezani wa rangi iliyokolea, wa mpira au wa aina isiyoteleza, upande wake mmoja ukilingana kabisa na ukingo wa meza. Mbandikie na utepe wa rangi ukingoni, sehemu yake tu. Mahali pake pawe palepale kila siku. Na taa iwashwe mapema, isisubiri giza.

Kuhusu kufuta, nahisi unajiongezea kazi. Kitambaa kikavu juu ya mafuta ya vidole hakifuti, kinayatandaza. Anza na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ondoa sabuni kwa maji yenye siki kidogo, malizia na kile kitambaa laini cha nyuzinyuzi kikiwa kikavu. Mara moja kwa siku, baada ya chakula cha usiku. Alama za mchana ziache. Mgeni akiziona, atajua nyumba ina watu.

Nisiisingizie meza kila ubaya. Kioo hakinywi mafuta wala hakishiki doa, hakivimbi kwa maji, hakiliwi na mchwa, hakidai vanishi mpya. Chumba kidogo hupumua kwa sababu jicho linapita mpaka sakafuni. Tatizo ni kwamba linapita kweli: makombo, soksi moja, gari la mtoto lisilo na gurudumu, vyote vinakula nanyi mezani. Na sahani zinalia. Na viwiko vinapata baridi asubuhi.

Kitu ambacho mimi sikukijua mapema ni mikwaruzo. Nilikuwa na meza kama yako, na bakuli la udongo nililolipenda, nikaliweka katikati. Kila aliyelihitaji alilizungusha badala ya kuliinua, nami wa kwanza. Siku moja nikalihamisha nifute, nikakuta duara la mikwaruzo limekaa pale kama mwezi mpevu uliofifia. Chini ya bakuli kulikuwa na sehemu isiyopakwa ule mng'aro, imekwaruza kama msasa, na chembe za mchanga zimejibana humo. Mchanga ni mgumu kuliko kioo. Mbao ningempa fundi aipige randa na msasa, jioni ningeisahau. Duara lile nilikaa nalo mpaka nilipoachana na meza yenyewe. Kwa hiyo chini ya kila chombo kizito bandika vipande vya kitambaa kinene cha manyoya au sponji, na cha moto kikae juu ya kikalio hata kama kioo kimepikwa.

Haya, mumeo. Mwanangu, sidhani kama huyu bwana anaipenda meza kiasi hicho. Anaipenda ile siku uliyofurahi. Kila jioni anafungua mlango, anakuta ile siku imefunikwa shuka, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Nawe kila asubuhi unatandika ukidhani ameelewa. Hajaelewa! Anaona umeidharau zawadi yake. Habari ya kikombe umeniambia mimi. Yeye umemwambia?

Usimwambie mkiwa mezani, wala ukiwa na kitambaa mkononi. Ngoja mtoto alale. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Siku uliyoileta nilifurahi, na furaha ile haikuwa ya uongo. Lakini baba ameangusha kikombe mara mbili, na mimi nimechoka kufuta. Nisaidie." Neno kuuza lisitoke usiku huo. Ukianza na kuuza atatetea meza, na mtarudi kabatini kwenye kitambaa.

Kisha mgawane kazi. Anayeupenda mng'ao aufute. Baada ya chakula cha usiku, kwa mwezi mzima, kufuta ni kazi yake, siki na maji na yote. Wewe usimfuate nyuma ukirekebisha. Najua itakuwasha, jikaze. Mwezi ukiisha ama atakuwa ameizoea kazi, ama yeye mwenyewe ataanza kuzitazama meza za mbao. Hapo mnaweza kuiuza, au kuisukuma ukutani iwe ya kuandikia, ambako hakuna mchuzi wala vijiko.

Lakini kesho, kabla ya hayo yote, ni pamba. Niandikie kama imenasa.