Barua kwa mwanangu: kadi za kale za Siku ya Wapendanao

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Nansio hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama zile kadi za posta za Siku ya Wapendanao ulizouziwa kwa bei kubwa ni za kale kweli, na kama uzipige laminesheni kabla ya kuzitundika katika steshenari yako pale Igoma.

Kwa kuwa nimezeekea katika uchapaji, naanza na wino. Chukua kioo cha kukuzia, ulitazame kwa karibu shavu la yule mtoto mwenye mabawa na upinde. Ukiona vitone vya rangi nne vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka, hiyo ni nakala ya mitambo ya siku hizi. Kadi nzuri za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa kwa mawe ya chokaa, kila rangi na jiwe lake. Vitone vilitiwa jiweni kwa mkono wa fundi, ndiyo maana havilingani, na karatasi ilirudi mtamboni kwa kila rangi bila kuhama hata kidogo, la sivyo midomo ingeangukia kidevuni. Sijaona kazi ya uchapaji ninayoiheshimu kuliko hiyo.

Kisha igeuze. Mstari unaogawa mgongo, anwani upande mmoja na salamu upande mwingine, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907. Kabla ya hapo mgongo ulikuwa wa anwani tu. Kwa hiyo kadi ya Kimarekani yenye mstari huo, inayodaiwa kuwa ya mwaka 1895, ikatae. Ukikuta imeandikwa kwamba ilichapwa Ujerumani, usishangae, kwani wachapaji wa huko ndio waliolisha masoko hayo mpaka vita vya 1914 vilipoikata biashara.

Laminesheni, hapana, nakusihi. Joto huyabana maua yaliyoinuliwa juu ya karatasi, na gundi huingia ndani isitoke tena. Zihifadhi katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na ukuta unaolowa wakati wa masika, maana unyevu wa ziwa huleta ukungu upesi. Ukutani tundika nakala za skana. Unapoziskani, usiache upande wa nyuma, kwa sababu mnunuzi anayezijua kadi hizi atataka kuuona huo kwanza.

Ni mimi, baba yako.