Imani Katoliki haikuanzia Dar, ilianzia Bagamoyo

Dada, umeuliza kama Ukatoliki ulianzia Dar ndipo ukasambaa bara. Hapana. Ulianzia Bagamoyo mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar. Waumini wao wa kwanza wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na hilo naomba tusilisahau. White Fathers, shirika jingine la wamisionari Wakatoliki, walifuata mwaka 1878, wao wakaenda moja kwa moja bara, Tabora na upande wa Ziwa Victoria.

Huku kwetu Dar walikuja watawa Wabenediktini Wajerumani, wakafungua misheni Pugu mwaka 1888. Haikumaliza hata mwaka: Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, ilishambuliwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile unaloliona ukishuka pantoni ya Kigamboni, lilijengwa kati ya 1897 na 1902.

Ila ukitaka kujua imani ilikuaje, usiwatazame mapadre tu. Padre alikuwa mmoja, vigango (vituo vidogo vya ibada vijijini) vingi, anafika mara chache kwa mwaka. Aliyebaki na watu ni katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padre. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao: katekisimu yake, kitabu cha mafundisho ya dini, ilikuwa imeshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia, na wanafunzi wake walikaa juu ya mizizi ya mwembe. Kazi ya watu kama yeye ndiyo iliyofanya mwaka 1960 tumpate Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu hapahapa Dar.