Wenzangu wanataka tujenge tuzeeke pamoja, nami sina milioni 20

*"Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane wa miaka 62, naishi Kihonda, Morogoro. Tuko wanawake watano tuliojuana tangu chuo cha ualimu. Watoto wameshaondoka, waume wengine wametangulia, kila mmoja amebaki na nyumba yake na ukimya wake. Tumekubaliana tuzeeke pamoja: tununue kiwanja Mkundi, tujenge vyumba vitano, kila kimoja na choo chake, jiko na sebule viwe vya wote. Tangu mume wangu afariki sijawahi kufurahia jambo kama hili.*

*Tatizo ni fedha. Kila mmoja anatakiwa kutoa milioni 20. Mkupuo wangu wa kustaafu ulikuwa milioni 32, zimebaki 13. Pensheni ni shilingi 430,000. Tukishahamia tutachangia 260,000 kila mwezi kwa chakula, gesi, LUKU, maji, dada wa kazi, mlinzi, pamoja na gari na dereva. Mwenzetu anayetuongoza ananishauri nikope kwa dhamana ya pensheni au niuze nyumba yangu ya vyumba viwili. Mwanangu wa kwanza amekasirika. Anasema watu watamsema kwamba amenitelekeza, nikakae kwake Mbagala. Sijawaambia wenzangu kwamba sina. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?"*

Mwalimu, shikamoo. Wananiita shangazi, lakini wewe umenizidi umri, kwa hiyo nakujibu kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa.

Nenda ukaishi nao. Ila usijenge nao, si sasa. Ninyi mmeyafunga mambo hayo mawili kwenye kitita kimoja, na hapo ndipo bei ilipokushinda. Unachokitamani ni sauti ya mtu asubuhi, mtu wa kula naye ugali, mtu wa kugonga mlango ukichelewa kuamka. Hayo hayahitaji tofali hata moja.

Tuanze na mkupuo, kwa sababu nahisi unajilaumu bure. Umesema baadaye kwenye barua kwamba wawili kati yenu walistaafu 2019 na wewe 2023. Basi hamkulipwa kwa kikokotoo kimoja, yaani ile kanuni ya kukokotoa mafao. Wao walipata asilimia 50 ya mafao yao kwa mkupuo. Wewe umestaafu baada ya Julai 2022, ukapata asilimia 33. Mlishika chaki ileile miaka ileile, na bado mmetoka na mafungu tofauti. Hukufuja, Mwalimu. Ila kilichokatwa kwenye mkupuo kiliachwa kirudi kwako mwezi kwa mwezi, ndiyo maana nguvu yako iko kwenye pensheni, haiko benki. Mpango wowote unaokuomba fedha nyingi kwa mara moja unakupiga pale ulipo dhaifu.

Mkopo usiuguse. Milioni 7 unazopungukiwa, ukizigawa kwa miezi 36 bila hata senti ya riba, ni karibu 195,000 kwa mwezi. Toa hizo kwenye 430,000, kisha utoe 260,000 za mchango. Umeshaingia kwenye deni kabla hujanunua vocha. Weka riba juu yake, na siku ukikwama utajikuta mlangoni kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Nimeshapokea barua nyingi za wastaafu walioanzia hapo.

Nyumba ya Kihonda nayo usiiuze. Ipangishe. Umesema nyumba kama yako mtaani kwenu zinapangishwa kwa 100,000. Sasa sikiliza hesabu hii. Tafuteni nyumba kubwa ya kupanga, nyote watano. Hata mkiipata kwa 350,000 kwa mwezi, fungu la kila mmoja ni 70,000. Nyumba yako inakulipia kodi yako na kukubakizia 30,000 za kuziba bati linalovuja. Kaeni hapo mwaka mzima. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na hizo 420,000 unazo. Mwaka ukiisha mtajua nani anakoroma, nani hafungi bomba, nani akichangia leo anataka ashukuriwe mwezi mzima. Ni mambo ya kuyajua wakati kila mtu bado ana mlango wake wa kurudia.

Kuhusu zile 260,000, nakuomba ujiwekee mpaka: mchango wa nyumba usizidi nusu ya pensheni, yaani 215,000. Pensheni haipandi kila sukari inapopanda. Nusu inayobaki tayari ina wenyewe: dawa zisizopatikana dirishani hospitalini, nauli, misiba, jumuiya, na mjukuu aliyekosa daftari. Gari na dereva ndivyo vya kuondoa. Umeandika kwamba vinamgharimu kila mmoja 45,000. Ondoa hizo, utafika 215,000 kamili. Bajaji ya kwenda hospitali mara mbili kwa mwezi haiwezi kula fedha hiyo.

Sasa ile sentensi yako, "Sijawaambia wenzangu kwamba sina."

Mama yangu mdogo aliishi Tanga na wanawake wenzake wawili katika nyumba moja ya kupanga. Jikoni kwao kulikuwa na daftari lililotundikwa kwa kamba kwenye msumari, kurasa zake zimeingia mafuta pembeni. Kila kilichonunuliwa kiliandikwa: unga, nazi, mkaa, tarehe, jina la aliyetoa. Mwezi ambao mmoja wao hakuwa nazo, aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, "sijatoa". Hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa binti mdogo, nikadhani ni daftari la madeni. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba lile neno ndilo lililowaweka pamoja miaka kumi na moja. Aliyeweza kuliandika hakuwa na haja ya kukwepa chakula cha jioni kwa aibu.

Na wenzako wanahitaji kulisikia, kwa sababu kutoa sawa si lazima kuwe haki. Kaskazini mwa London, Barnet, kuna kikundi cha wanawake wa zaidi ya miaka 50 waliotaka hicho hicho mnachokitaka ninyi. Walianza mwaka 1998, wakahamia 2016. Miaka 18. Makao yao yana nyumba 25: 17 zilinunuliwa na wakazi wenyewe, 8 ni za kupanga kwa kodi nafuu, kwa ajili ya wale wasioweza kununua. Bustani ni moja na ukumbi ni mmoja. Ufaransa, katika mji wa Montreuil, mwanaharakati wa haki za wanawake Thérèse Clerc na wenzake walipigania jengo la wanawake wazee wenye kipato kidogo, na humo kila mmoja ni mpangaji. Lakini tusijidanganye: Montreuil lilijengwa kwa fedha za umma, na zile nyumba 8 za London zililipiwa na mfuko wa hisani. Nyuma yako, Mwalimu, kuna pensheni yako peke yake. Cha kuchukua kwao ni mpango tu, kwamba mwenye nacho na asiye nacho wanaweza kukaa ua mmoja bila kutoa sawa.

Kwa hiyo mwaka ukiisha salama na bado mnataka kujenga, toa kiasi kisichozidi milioni 6, na fungu lako liandikwe kwa kiasi hicho. Mwenye uwezo ajenge zaidi, amiliki zaidi, na wewe umlipe kodi ndogo kwa sehemu ya chumba usiyoilipia. Milioni 7 zitakazobaki kwenye zile 13 zikae, ni akiba ya kuugua. Bima ya mstaafu hulipia matibabu, ila haimlipi mtu wa kukugeuza kitandani.

Hapa kwenye hati na mikataba nakuomba ukae nami kidogo, kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Mmoja wa wale wa Tanga alifariki. Arobaini haijafika, watoto wake wakaja na kirikuu wakabeba kitanda, kabati, na jokofu ambalo wote watatu walichangia. Hawakuwa watoto wabaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia kipi ni cha mama na kipi ni cha wote, na lile daftari halikuwa na sahihi ya mtu. Mama mdogo alisimama mlangoni na kanga yake kichwani akawaangalia wakifunga kamba. Hilo ni jokofu tu. Fikiria kiwanja.

Kiwanja kikinunuliwa, kisiandikwe jina la kiongozi wenu peke yake, hata kama ni mwaminifu kama malaika. Majina matano yaingie, na mafungu ya kila mmoja yatajwe, kwa umiliki ambao fungu la aliyefariki linakwenda kwa warithi wake. Kisha muandike mkataba mbele ya wakili: warithi hawahamii humo, wanalipwa thamani ya fungu kwa bei ya wakati huo, na waliobaki wanapewa muda wa kuilipa, tuseme miaka mitatu. Andikeni pia anayeugua kwa muda mrefu atahudumiwa na nani, na kwa fedha ya nani. Ni mazungumzo mazito, yafanyeni mkiwa mmeshakula. Na kila mmoja aandike wosia.

Mwanao mwite siku mkisaini, awe shahidi, na watoto wa wenzako vilevile. Hasira yake naisikia kama hofu: anaogopa majirani watamhukumu. Usimbishie. Mwambie, "Mwanangu, sikukimbii. Chumba changu kina kitanda cha mgeni, Krismasi nakuja kwako na wajukuu waje kwangu likizo. Ukitaka kunisaidia, nilipie dada wa kazi sehemu yangu." Kijana akipewa kazi ya kufanya hukosa nafasi ya kuona haya. Kuhamia kwake kwenye chumba cha wajukuu ukiwa bado una nguvu zako, mimi sikushauri.

Jumamosi nenda na daftari jipya. Usisubiri agenda ifike kwenye fedha, kwa sababu mpaka hapo kiwanja kitakuwa kimeshachaguliwa na aibu itakuwa imekuziba mdomo. Omba kusema mwanzo, chai ikimiminwa. Sema hivi: "Jamani, nataka kuishi nanyi kuliko ninavyotaka nyumba. Milioni 20 sina, na sikopi. Ninazo 70,000 za kodi na 215,000 za chakula, kila mwezi, mpaka Mungu aniite. Tupange kwanza." Halafu uliweke daftari mezani, ukae, uwaache wao waongee.