Andika Nguvu za Miguu Kabla ya Kuomba Picha

Juma lililopita daktari kijana wa hospitali ya wilaya aliniandikia akitaka kujua kama mgonjwa wake, aliyevunjika pingili ya 12 ya kifua, avalishwe mkanda wa mgongo au apewe rufaa ya upasuaji. Nilimuuliza miguu ya mgonjwa ilikuwa na nguvu kiasi gani alipopokelewa. Hakuwa ameandika, nami nikakumbuka aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini, amelazwa juu ya mlango wa mbao uliong'olewa. Nilimwambia asogeze miguu, akaisogeza, nami nikaandika kwenye faili "anasogeza miguu yote", nikampa dawa ya maumivu na kuomba eksirei. Asubuhi hakuweza kunyanyua paja la kushoto. Bingwa wa hospitali ya rufaa aliniuliza mbele ya wanafunzi kama mguu ule ulikuja dhaifu au ulidhoofika mikononi mwangu, na sikuwa na hata tarakimu moja ya kumwonyesha. Alikuwa na haki ya kuuliza, ingawa namna alivyouliza inaniuma hadi leo.

Tangu siku hiyo sipeleki mgonjwa wa mgongo kwenye picha kabla sijapima kila kundi la misuli ya miguu kwa alama 0 (hausogei kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), nikagusa ngozi kwa pamba na pini kutafuta hisia zinapoishia (usawa wa chuchu ni neva ya 4 ya kifua, kitovu ni ya 10), na kuandika saa. Hupima pia hisia na mkazo wa njia ya haja kubwa, sehemu ambayo wengi wetu huiruka kwa kuona haya, ilhali ndiyo inayoonyesha kama ugwe mgongo bado unapitisha chochote.

Ndugu zangu, picha haiwezi kuziba pengo hilo. Eksirei ya ubavuni hufichwa na mabega katika pingili za juu za kifua. CT, picha ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, huona mfupa vizuri zaidi, na ukiona pingili moja imevunjika tazama uti wa mgongo wote, kwa maana mara nyingine kuna nyingine mbali na hapo. Lakini hata mizani ya TLICS ya mwaka 2005, inayotumika kuamua matibabu ya mvunjiko wa pingili za kifua na kiuno, hujumlisha umbo la mvunjiko, hali ya kano za nyuma na hali ya neva: alama 3 au pungufu kwa kawaida hutibiwa bila kisu, 5 na zaidi hupasuliwa, 4 huachiwa uamuzi wa mpasuaji. Usipopima neva, utajumlisha nini?

Kijana yule alirudi wodini, akaniandikia: kulia 5, kushoto 4, saa 12:40 jioni. Nilimwambia apime tena saa 2 usiku, kwa mkono uleule.